Mali Bila Daftari: Gharama za Akili Mnemba Katika Kutengeneza Programu

(Yafuatayo ni mazungumzo ya mwandishi wetu mbele ya maofisa wa TEHAMA, wahasibu na walimu wa somo la kompyuta waliokutana mjini Dodoma.)

Nimeombwa nizungumze juu ya gharama za wasaidizi wa akili mnemba wanaoandika programu za kompyuta: namna ya kuzifuatilia na namna ya kuzipunguza. Ni jambo linalowakutanisha mtengeneza programu na mhasibu, watu wawili ambao kwa desturi hukutana siku ile tu kompyuta ya mhasibu inapokataa kuwaka. Nitajitahidi kusema lugha ambayo wote wawili wataielewa, na mwalimu aliyeketi kati yao pia.

Kwa wale ambao hawajakutana na msaidizi huyu, nieleze kwa ufupi. Kijana anayetengeneza mfumo, tuseme mfumo wa kupokea maombi ya uhamisho wa walimu, huiandikia mashine maagizo kwa maneno ya kawaida. Mashine huyasoma maagizo hayo pamoja na faili za programu zilizokwisha kuandikwa, huandika sehemu mpya, huijaribu, ikikosea hurudia, na mwishowe humkabidhi kijana kazi aikague. Majina ya wasaidizi hawa ni mengi: GitHub Copilot, Cursor, Claude Code, Codex. Lakini wengi wao, kama tunavyowatumia, wanafanana katika jambo moja ambalo mhasibu hapaswi kulisahau. Akili yenyewe haimo ndani ya ofisi yetu. Imo katika majumba ya kompyuta ya makampuni makubwa ya kibepari huko ng'ambo, na kila inapofikiri, inafikiri kwa dola.

Sikuja hapa kuwaambieni kwamba msaidizi huyu ni adui. Taifa hili limekwisha kuipita njia hiyo. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kufikia mwaka 1974 mashine hizo zilikuwa bado ni za kuhesabika kwa vidole, hesabu za Hazina zilizotiwa ndani yake zilikuwa zimevurugika, na kuziendesha kulitegemea mno wataalamu wa kigeni. Mwaka huo Serikali ikapiga marufuku uagizaji wa kompyuta. Uamuzi ule ulikuwa na sababu zake. Wale wanaoucheka leo hawakuwa na jukumu la kulinda akiba ya fedha za kigeni wakati ambapo bei ya mafuta ilikuwa imepanda na nchi ilikuwa ikinunua chakula nje. Lakini tuseme kweli: marufuku ilizuia matumizi, haikumfundisha mtu kupima. Ilipolegezwa katika miaka ya 1980 tulianza karibu na pale pale tulipokuwa tumeachia.

Leo mambo ni mengine. Mfumo wa makusanyo ya Serikali, GePG, ulioanza mwaka 2017, na mfumo wa ununuzi wa umma, NeST, ulioanza mwaka 2023, ni kazi za wataalamu wetu wenyewe. Vijana wa namna hiyo hiyo ndio watakaotaka kuwa na msaidizi wa akili mnemba mezani, na wana haki ya kumtaka, kama fundi seremala alivyo na haki ya kutaka randa nzuri. Kwa hiyo mbele yetu hakuna swali la atumike au asitumike. Swali lililopo ni nani, katika kila ofisi, anayejua msaidizi huyu amegharimu kiasi gani, kwa kazi ipi, na kazi hiyo imefika wapi. Ofisi isiyoweza kulijibu swali hilo siku yoyote ya wiki haijawa tayari kumtumia, hata kama ina fedha za kumlipia.

Kutoka kifurushi hadi LUKU

Mwanzoni bei ilikuwa rahisi kueleweka. GitHub Copilot ilipofunguliwa kwa watu wote mwezi Juni 2022, mtu binafsi alilipa dola 10 kwa mwezi, atumie kidogo au atumie sana. Mhasibu huipenda bei ya namna hiyo, kwa kuwa huingia katika kasma moja na kukaa kimya mwaka mzima. Lakini bepari hatoi sadaka. Mwezi Oktoba 2023 gazeti la Marekani, The Wall Street Journal, liliripoti kwamba katika miezi ya mwanzo ya mwaka ule kampuni ya Microsoft, yenye mali ya GitHub, ilikuwa ikipata hasara ya wastani wa zaidi ya dola 20 kwa mwezi kwa kila mteja, na kwamba wako wateja walioitia hasara ya hadi dola 80. Mtu mwenye busara alipaswa kujiuliza wakati ule ule hasara hiyo inabebwa kwa mapenzi ya nani. Mvuvi hamlishi samaki kwa kumhurumia.

Jibu lilikuja mwaka 2025. Mwezi Juni GitHub walianza kuhesabu maombi ya daraja la juu: mteja wa dola 10 akapewa maombi 300 kwa mwezi, na kila ombi la ziada likawa dola 0.04. Mwezi huo huo kampuni inayotengeneza Cursor, ambayo ilikuwa ikitoza dola 20 kwa maombi 500 ya haraka, iligeuza hesabu ikawa dola 20 za matumizi yanayopimwa. Wateja wakakuta wamemaliza mapema na wanatozwa zaidi, na kelele zikawa kubwa kiasi kwamba tarehe 4 Julai kampuni ikaomba radhi hadharani na kuahidi kurudisha fedha. Kabla mwezi huo haujaisha, kampuni ya Anthropic ikatangaza ukomo wa matumizi wa kila wiki kwa wateja wa Claude Code, uanze tarehe 28 Agosti, ikieleza kwamba mtumiaji mmoja wa mpango wa dola 200 kwa mwezi alikuwa ametumia huduma yenye thamani ya makumi ya maelfu ya dola.

Kwa lugha ya nyumbani kwetu, Ndugu Mwenyekiti, tulikuwa na kifurushi, sasa tumehamia LUKU. Tena LUKU yenyewe ina uungwana zaidi. Mita ya LUKU iko ukutani, inaonekana, na uniti zikiisha taa huzimika, kila mtu ndani ya nyumba akajua. Mita ya msaidizi huyu iko ng'ambo. Ofisi iliyolipia kwa mita bila kuweka ukomo haizimiwi taa. Huletewa hesabu mwisho wa mwezi, kwa dola, wakati bajeti yake ilipitishwa kwa shilingi.

Mita inavyozunguka

Kipimo kinachotumika huitwa tokeni, nacho ni kipande cha neno. Mashine hukata kila maandishi katika vipande, ikahesabu vinavyoingia na vinavyotoka. Kwa bei zilizotangazwa na Anthropic mwaka 2025, mashine yao ndogo, Haiku 4.5, ilikuwa dola 1 kwa kila tokeni milioni 1 zinazoingia na dola 5 kwa milioni 1 zinazotoka. Ya kati, Sonnet 4.5, ilikuwa dola 3 na dola 15. Kubwa, Opus 4.5, ilikuwa dola 5 na dola 25, ingawa kubwa iliyoitangulia katika mwaka huo huo, Opus 4.1, ilikuwa dola 15 na dola 75. Mnaona kwamba kinachotoka ni ghali mara tano ya kinachoingia. Na katika hicho kinachotoka yanahesabiwa pia maneno ambayo mashine hujisemea yenyewe inapofikiri, ambayo mara nyingi mtumiaji haoni ila muhtasari wake.

Kusikia bei hizo mtu atasema: dola 3 kwa vipande milioni moja, mbona ni kidogo? Hapo ndipo penye mtego. Mashine hii haina kumbukumbu. Mfikirieni karani wa masijala ambaye kila mkimpelekea dokezo jipya hulifungua faili lote na kulisoma kuanzia folio ya kwanza, kisha ndipo ajibu. Na analipwa kwa kila ukurasa anaousoma. Dokezo la kwanza ni rahisi. Dokezo la 50 linambeba na yale 49 yaliyotangulia.

Tufanye hesabu pamoja. Kijana anaanza kazi asubuhi, na maagizo ya awali pamoja na faili zilizofunguliwa ni tokeni 20,000. Kila anapouliza na kujibiwa, mazungumzo yanaongezeka tokeni 2,000. Akifika zamu ya 50 bila kufunga mazungumzo, mashine imekwisha kusoma jumla ya tokeni 3,450,000. Kwa dola 3 kwa milioni, hiyo ni dola 10.35 kabla hatujahesabu majibu. Sasa kijana yule yule, kazi zile zile, lakini amezigawa katika mazungumzo matano ya zamu 10 kila moja, na kila moja ameianza upya na tokeni zile zile 20,000. Jumla ni tokeni 1,450,000, yaani dola 4.35. Hakuna aliyemwambia aandike kidogo. Amefunga faili la kazi iliyokwisha kabla ya kufungua la kazi nyingine, basi. Ofisi yenye vijana 20 wa namna ya kwanza, kwa siku 22 za kazi, itatozwa dola 4,554 kwa mwezi kwa kusoma tu. Wa namna ya pili watatozwa dola 1,914.

Wenye kuijua kazi hii watanisahihisha, na ni haki yao: makampuni yana hifadhi ya muda, ambapo sehemu ya mazungumzo iliyokwisha kusomwa husomwa tena kwa sehemu ya kumi tu ya bei. Ni kweli, na ndiyo nafuu kubwa kuliko zote. Mazungumzo yale ya zamu 50, hifadhi ikifanya kazi bila kukatika, hushuka kutoka dola 10.35 hadi karibu dola 1.44. Lakini hifadhi hiyo ina masharti. Kwa utaratibu wa kawaida wa Anthropic kwa mteja wa mita, hudumu dakika 5 tangu ilipotumika mara ya mwisho, isipokuwa mteja akilipia zaidi apewe saa 1. Na kuiweka kwa mara ya kwanza hugharimu robo zaidi ya bei ya kawaida. Kijana akiacha mazungumzo marefu wazi, akaenda kunywa chai, akarudi baada ya nusu saa na kuuliza neno moja, faili lote linasomwa upya kwa bei kamili pamoja na ile robo. Simkatazi mtu chai. Nasema afunge faili kwanza.

Daftari lenye safu ya matokeo

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika utumishi wa umma daftari la namna hii tunalo tangu zamani. Kila gari la Serikali lina kitabu cha safari, kile madereva wanachokiita logi buku: tarehe, alikotoka, alikokwenda, kilomita, madhumuni ya safari, saini ya aliyebebwa. Hakuna anayedhani kwamba logi buku ni kumdharau dereva. Bila kitabu hicho lita za mafuta zingekuwa namba tu katika hati ya malipo. Ninapendekeza msaidizi wa akili mnemba awe na logi buku yake, na tusiifanye kuwa ngumu kuliko ile ya gari.

Ofisi nyingi zitavutwa kununua ufunguo mmoja wa huduma, wakaugawana vijana wote. Hilo ni sawa na magari kumi kutumia logi buku moja. Kila mradi na uwe na ufunguo wake, na pale inapowezekana kila mtumiaji awe na wake, ili hesabu ikija isiwe ya ofisi nzima bali ya mfumo wa uhamisho, ya mfumo wa stoo, na kadhalika. Takwimu zenyewe si za kutafutwa kwa taa. Kurasa za matumizi za makampuni huonyesha tokeni zilizotumika na dola zake. Ndani ya Claude Code kuna amri ya kuonyesha gharama ya mazungumzo yaliyo wazi. Na kuna programu za bure, kama ile inayoitwa ccusage, zinazosoma kumbukumbu zilizomo ndani ya kompyuta ya kijana na kuzijumlisha kwa siku na kwa mwezi. Kazi ya mhasibu ni kuzileta takwimu hizo katika shilingi kwa kiwango cha siku ya malipo, si kile cha siku bajeti ilipoandikwa.

Lakini safu ninayoitilia mkazo kuliko zote haimo katika kurasa za makampuni, wala haitakuwamo, maana haiwahusu. Ni safu ya matokeo. Kazi hii iliyogharimu dola 6 ilikubaliwa? Ilirekebishwa na mtu kwa siku mbili? Ilitupwa? Bila safu hiyo daftari letu litatufundisha ubahili badala ya busara. Chukueni mfano: mashine ndogo ikishindwa kazi mara nne, kila mara kwa senti 60, imegharimu dola 2.40 na asubuhi nzima ya kijana. Mashine kubwa ikiimaliza mara moja kwa dola 1.50 ndiyo iliyo rahisi, ijapokuwa bei yake kwa tokeni ni kubwa. Anayetazama bei ya tokeni peke yake ataagiza mashine ndogo kwa kila kazi na ataandika taarifa nzuri ya kubana matumizi.

Wako watakaotaka kulifanya daftari hili kuwa fimbo: kubandika ukutani majina ya waliotumia sana na kuwapongeza waliotumia kidogo. Nawasihi tusifanye hivyo. Aliyetumia sana huenda ndiye aliyepewa kazi ngumu, na aliyetumia sifuri huenda hakufanya kazi. Tena kijana akiogopa daftari atafanya jambo ambalo ni baya kuliko gharama yoyote. Atalipia kwa kadi yake mwenyewe, au atatumia akaunti ya rafiki, na programu za Serikali zitapita katika njia ambayo hakuna aijuaye. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatubana katika jambo hili; taarifa halisi za watumishi na wanafunzi hazina ruhusa ya kutumwa ovyo ng'ambo kwa kisingizio cha majaribio ya mfumo.

Anayetumia ndiye wa kwanza kuonyeshwa gharama, tena siku ile ile. Kiongozi wa mradi aione kila wiki. Afisa Masuuli akiiona mara ya kwanza katika hoja ya ukaguzi, basi amechelewa. Na juu ya yote uwekwe ukomo ndani ya huduma yenyewe, kama makampuni yanavyoruhusu. GitHub, kwa mfano, huruhusu matumizi ya ziada kuwekewa ukomo wa sifuri. Uniti zikiisha taa na izimike, aliyemo ndani anyanyuke akaeleze kwa nini.

Mahali pa kupunguza

Nimekwisha kusema juu ya kufunga mazungumzo kazi inapokwisha. Hiyo peke yake ni nusu ya somo. Sehemu kubwa ya nusu iliyobaki ni kuiambia mashine mahali pa kutazama. Kijana akiandika "mfumo unakataa kuhifadhi, tafuta kosa", mashine itafungua faili moja baada ya nyingine, zote zihesabiwe. Akiandika kwamba kosa limo katika faili fulani, linatokea pale tarehe ya kuajiriwa inapoachwa wazi, na sehemu nyingine zisiguswe, mashine itasoma faili moja. Sentensi mbili za mtu aliyefikiri zinaokoa tokeni nyingi kuliko mbinu zote za kihasibu. Ndiyo maana nimefurahi kuwaona walimu humu ndani, na nitawarudia.

Mengine nayapitia haraka. Kazi ndogo, kama kubadili majina au kupanga maandishi, zipewe mashine ndogo. Kazi zisizo na haraka, kama kuandika maelezo ya programu za zamani zilizoachwa na waliostaafu, zitumwe kwa mafungu. Anthropic na OpenAI wote hutoza nusu ya bei kwa kazi ambayo mteja yuko tayari kuisubiri hadi saa 24. Maagizo ya kudumu yanayosomwa mwanzoni mwa kila mazungumzo yawe mafupi. Nimeona ofisi zikiyapamba kama katiba ya chama cha ushirika. Na mashine isiachwe ifanye kazi usiku kucha bila idadi ya majaribio kuwekewa mpaka, maana ikishindwa jaribio haichoki wala haioni aibu, hurudia tu, na mita inazunguka.

Sasa walimu. Mwezi Julai 2025 kundi la utafiti la METR lilitoa matokeo ambayo kila mpanga bajeti anapaswa kuyajua. Walichukua watengeneza programu 16 wenye uzoefu, wakawapa kazi 246 katika miradi ambayo waliifahamu vizuri, baadhi kwa msaada wa akili mnemba na baadhi bila msaada. Kabla ya kuanza walitarajia msaidizi atawapunguzia muda kwa asilimia 24. Baada ya kumaliza waliamini amewapunguzia asilimia 20. Saa ilionyesha kwamba walitumia muda zaidi kwa asilimia 19. Ni utafiti mmoja, wa watu wachache, kwa mashine za mwanzoni mwa mwaka ule, na wanagenzi katika miradi mipya huenda wangeonyesha mengine. Sijengi nyumba juu yake. Ila linanistaajabisha lile pengo kati ya imani na saa. Watu wazima, mafundi wa kazi yao, hawakujua kama wamekwenda mbele au wamerudi nyuma, kwa sababu hawakupima. Je, mwanafunzi wa kidato cha tatu?

Mwanafunzi asiyejua kusoma programu hawezi kukataa kazi mbovu ya mashine. Ataomba irekebishwe, na tena, na tena, na gharama ya ujinga huo italipwa na mwajiri wake baadaye, tokeni kwa tokeni. Kwa hiyo msidhani kwamba somo la kupunguza gharama ni la ofisi ya uhasibu. Mwalimu wa Kiswahili anayefundisha ufupisho, anayemtaka mwanafunzi atoe aya moja kutoka katika kurasa tatu bila kuacha jambo la maana, anafundisha ustadi ule ule anaouhitaji kijana anapofunga mazungumzo marefu na kuanza mapya kwa muhtasari wa mistari kumi.

Na kwa kuwa nimeitaja lugha yetu, kuna ushuru mwingine ambao haumo katika orodha ya bei. Visu vinavyokata maneno kuwa tokeni vilinolewa zaidi kwa Kiingereza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walionyesha mwaka 2023 kwamba maandishi yenye maana ile ile yaweza kukatwa vipande vingi zaidi hadi mara 15 katika baadhi ya lugha. Kiswahili si miongoni mwa zilizoumizwa zaidi, lakini nacho hulipa zaidi ya Kiingereza kwa jambo lile lile. Wako watakaosema basi tuachane na Kiswahili katika kazi hii. Sikubaliani nao. Uzito wa hesabu, kama tulivyoona, umo katika faili za programu zinazosomwa na kusomwa tena. Swali la kijana ni sehemu ndogo. Kijana anayeeleza tatizo barabara kwa Kiswahili atatumia kidogo kuliko anayelipapasa kwa Kiingereza cha kubahatisha.

Najua mtaniuliza kwa nini tusijitegemee kabisa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitutahadharisha juu ya kutegemea fedha na misaada ya nje, na kwa haki mtu atasema tuwe na mashine zetu. Inawezekana. Ziko akili mnemba ambazo wenyewe wameziachia wazi watu wazichukue, kama Qwen2.5-Coder ya kampuni ya Alibaba ya China, iliyotolewa mwaka 2024, na gpt-oss ya OpenAI, iliyotolewa Agosti 2025. Zikifungwa katika kompyuta zetu, hakuna mita ya ng'ambo, na taarifa hazivuki mpaka. Lakini mtambo wa kuziendesha nao unanunuliwa kwa dola, unakula umeme, unahitaji baridi na fundi, na usiku ukilala bila kazi fedha iliyoununua nayo imelala. Ofisi moja yenye vijana watano ikinunua mtambo wake huenda ikalipa ghali kuliko mita. Taasisi nyingi zikichangia mtambo mmoja, hesabu yaweza kugeuka. Nasema yaweza, kwa sababu anayetaka kuamua atahitaji kwanza kujua kwa mwezi tunatumia tokeni ngapi, kwa kazi za namna gani, saa ngapi za siku. Na takwimu hizo zitatoka katika daftari lile lile ambalo ofisi nyingi hazijalifungua.

Niongeze moja ambalo karibu nilisahau. Mtumishi akihamishwa kituo, gari hukabidhiwa kwa maandishi na funguo hurudi. Funguo za huduma hizi na malipo ya kila mwezi yaliyofungwa kwa jina lake hubaki yakijilipa yenyewe. Kabla ya mwaka wa fedha kuanza mwezi Julai, kila ofisi ipitie orodha yake na kuuliza kila jina liko wapi.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo, Ndugu Mwenyekiti. Nakala za safu za daftari nimeziacha pale mlangoni, ukurasa mmoja tu. Kama kuna maswali, ningependa tuanze na wahasibu.